CD Iliyokwama Inapogeuka Ngoma: Ufafanuzi wa Mvuto wa Muziki wa Glichi

Mtu anayesikiliza muziki wa glichi, yaani muziki unaotungwa kwa milio ya hitilafu za mitambo, kwa mara ya kwanza, hasa kama hakuonywa, kwa kawaida hufanya jambo moja kabla ya kutoa maoni yoyote: huinuka kwenda kukagua waya wa spika. Hiyo ni hukumu kamili, ingawa haijatamkwa. Sikio limeamua kwamba kilichosikika ni ubovu wa chombo, na mkono umetumwa kuutafuta ubovu huo ulipo. Makala haya yanahusu kinachofuata, kwa sababu baadhi ya watu hao, wakishathibitisha kwamba waya ni mzima, hurudi kuketi, na dakika chache baadaye utawakuta wanatikisa kichwa kwa kufuata kilekile walichotaka kukirekebisha.

Jina lenyewe linasaidia kidogo. Kwa mafundi wa Marekani, glichi ilikuwa kupanda au kubadilika ghafla kwa volteji katika saketi ya umeme, na ndivyo mwanaanga John Glenn alivyolieleza neno hilo mwaka 1962, wakati watu wa kawaida walikuwa bado hawajalizoea. Baadaye likaja kumaanisha hitilafu yoyote ndogo ya mtambo, ile inayotokea na kupita bila mtambo wenyewe kufa. Kiswahili hakikuwa na shida ya kulitafuta, kwa kuwa kina vitenzi vyake kwa kila chombo: redio hukoroma, televisheni huonyesha chenga, simu hukatakata, kanda humezwa, CD huruka au hukwama. Utajiri huo wa maneno una faida hapa, maana muziki tunaouzungumzia haukuzaliwa na hitilafu kwa jumla yake. Ulizaliwa na hitilafu moja mahususi, ile ya CD, na mtu asiyeelewa kwa nini CD hukwama kwa namna inavyokwama hawezi kuelewa kwa nini kuna waliouona ukwamaji huo kuwa kitu cha thamani.

CD ilibuniwa na kampuni za Philips na Sony, ikaingia sokoni mwaka 1982 ikiwa na ahadi kwamba sauti haitachakaa. Santuri ilikuwa inazeeka hadharani: sindano ilikuwa ikila mfereji kidogo kidogo kila ilipopita, vumbi likatoa mlio kama wa mafuta yanayokaanga, na msikilizaji akauzoea mlio huo kama anavyozoea matamshi ya babu aliyepungukiwa na meno. Katika CD hakuna kinachogusana. Sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa stereo, na kila kipimo kimeandikwa kuwa namba moja kati ya -32,768 na 32,767. Namba hizo zimegeuzwa kuwa vishimo vidogo mno, vilivyopangwa kwenye njia moja ndefu inayoanzia karibu na tundu la katikati na kujizungusha hadi ukingoni, na mwale wa leza huvisoma vishimo hivyo bila kuvigusa.

Waliounda mfumo huo walijua vizuri kwamba vidole vya watu vina mafuta na sakafu zina mchanga. Kwa hiyo namba zinazofuatana hazikuandikwa pamoja, bali zilitawanywa katika kipande kirefu cha njia na kuchanganywa na namba nyingine za kuhakiki. Chukua mfano wa barua ambayo mwandishi wake ametawanya maneno ya kila sentensi katika kurasa kumi: ukurasa mmoja ukichanika, kila sentensi hupoteza neno moja tu, na msomaji makini anaweza kulirudisha. Ndivyo deki inavyofanya. Mkwaruzo uliofuta takriban milimita 2.5 za njia unaweza kurekebishwa kabisa, namba zote zikarudi kama zilivyorekodiwa. Uharibifu ukizidi hapo, deki huanza kubuni: hutazama kipimo kilichotangulia na kinachofuata, ikaweka cha katikati. Ikishindwa hata kubuni, hunyamaza kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hatua zote tatu zina lengo moja, nalo ni kwamba msikilizaji asijue. Ndiyo maana pia anayefuta CD kwa kuzungusha kitambaa huiumiza kuliko anayefuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kwani mkwaruzo unaokata njia hula kidogo kwa kila mzunguko, ilhali unaofuata njia hula mfululizo, na hapo ujanja wote wa wahandisi huishiwa. (Wale tuliokuwa tukipaka dawa ya meno tunayo mengi ya kutubu.)

Kukwama ni jambo jingine zaidi ya hayo. Leza haisomi tu, bali pia inabidi iifuate njia, na kinachoiongoza kuifuata ni vishimo vilevile. Doa kubwa likiificha njia, leza hupotea, ikaangukia mzunguko wa jirani, mara nyingi ule iliokwisha kuusoma. Inasoma tena, inafika penye doa tena, inapotea tena. CD huzunguka takriban mara 500 kwa dakika leza inapokuwa karibu na katikati, na kama mara 200 inapokuwa ukingoni. Kwa hesabu hiyo, leza ikirudi nyuma mzunguko mmoja kila inapokwama, kipande kinachorudiwa huwa na urefu wa sehemu ya nane ya sekunde kwa ndani na kama theluthi moja ya sekunde kwa nje. Jambo hili ni la kutafakari. Mdundo wa CD iliyokwama haukutungwa na mwanamuziki aliyerekodi wimbo, wala haukutokana na doa peke yake. Unatokana na mwendo wa mota ya deki. Mashine iliyokuwa imetumwa kumwimbia mtu mwingine imeanza kuhesabu mapigo yake yenyewe.

Watu watatu wanaweza kutuonyesha njia tofauti za kulichukua jambo hilo. Yasunao Tone, Mjapani aliyekuwa mmoja wa wasanii wa Fluxus, kundi la sanaa ya majaribio, alianza katikati ya miaka ya 1980 kubandika kwenye CD vipande vya utepe wa gundi alivyovitoboa kwa sindano, ili leza isome namba zisizo sahihi na mfumo wa kusahihisha ushindwe kuzikamata. Mwaka 1997 alitoa Solo for Wounded CD, yaani kazi ya peke yake kwa ajili ya CD iliyojeruhiwa, na CD aliyoijeruhi ilikuwa ya kwake mwenyewe. Tone hakutaka mdundo. Alichotafuta ni sauti ambayo hata yeye hakuweza kuitabiri, na ukimsikiliza utaona kwamba hakuna hata sekunde moja ya kustarehe. Mmarekani Nicolas Collins aliifungua deki yenyewe. Aligundua kwamba leza huendelea kusoma muda wote, hata wakati deki iko kimya ikitafuta mahali pa kuendelea, na kwamba kinachomzuia msikilizaji asisikie ni chipu iliyopewa kazi ya kunyamazisha. Basi akaikata njia ya unyamazishaji huo. Mwaka 1991 alitunga Broken Light, ambamo deki aliyoifungua mdomo namna hiyo inacheza pamoja na wapigaji wanne wa ala za nyuzi.

Wa tatu ni kundi, nalo ndilo lililofanya mtindo huu upendwe. Oval lilikuwa kundi la Wajerumani, Markus Popp, Sebastian Oschatz na Frank Metzger, waliochukua CD na kuzichora upande wa chini kwa kalamu za wino mzito, wakazicheza, wakarekodi jinsi zilivyokwama, kisha wakaingiza vipande hivyo kwenye kompyuta na kuvipanga upya. Albamu yao Systemisch ilitoka mwaka 1994, na 94diskont ikafuata mwaka 1995. Tofauti yao na Tone iko katika hatua ile ya mwisho. Tone aliacha jeraha liseme, ilhali Oval walilirekodi jeraha likisema, kisha wakalipangia mistari.

Wimbo wa kwanza wa 94diskont unaitwa Do While, na una urefu wa karibu dakika 24. Ukiusikiliza kwa spika nzuri, unachokutana nacho ni milio laini kama ya kengele ndogo zinazopigwa ndani ya maji, kila mlio ukikatwa kabla haujafifia, na kila mkato ukiacha tiki kavu. Tiki hizo hazilingani kabisa. Vipande vinavyozunguka vina urefu tofauti, kwa hiyo vinakutana na kuachana, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mara wanapokezana vizuri na mara michi inakaribia kugongana. Katika dakika ya kwanza unasikia uharibifu. Kufikia dakika ya tano unasikia upole ambao ni vigumu kuueleza, na kama kuna kazi moja ninayoweza kumpa mtu anayetaka kujua kama mtindo huu unamfaa, ni hiyo, kwa sharti kwamba asiizime kabla ya dakika ya kumi.

Hiyo tiki inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo herufi ya kwanza ya lugha yote ya glichi. Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka kupitia mstari wa sifuri. Ukikata wimbi likiwa juu, tuseme kwenye kipimo cha 20,000, kisha ukaunganisha na wimbi jingine linaloanzia kwenye -15,000, unailazimisha spika iruke kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa muda wa kipimo kimoja, yaani sehemu moja ya 44,100 ya sekunde. Kila fundi wa studio hufunzwa kuepuka jambo hilo: hukata pale wimbi linapopita kwenye sifuri, au hupunguza sauti ya kipande cha kwanza huku akipandisha ya pili ili mshono usisikike. Mshono usiposhonwa, mruko huo hujumuisha masafa (yaani kasi za mtetemo wa sauti) karibu yote kwa mpigo mmoja, ya chini na ya juu, kwa muda mfupi mno. Na sauti yenye masafa mengi kwa pamoja, inayoanza ghafla na kufa papo hapo, masikio ya binadamu huijua kwa jina jingine. Ni pigo. Kofi la mkono kwenye ngozi, kijiti kwenye mbao na mguu kwenye sakafu vyote vina umbo la jinsi hiyo. Kwa maneno mengine, tiki haikuwa na safari ndefu ya kwenda ili iwe ngoma.

Mika Vainio na Ilpo Väisänen wa Finland, Ryoji Ikeda wa Japani, na Carsten Nicolai wa Ujerumani anayetumia jina la Alva Noto, walifika hapo bila kupitia kwenye CD zilizochorwa. Ikeda na Nicolai hasa walibakiza vitu viwili au vitatu tu: tiki, mlio safi wa juu unaokaribia kikomo cha kusikika, na besi ya chini isiyo na rangi yoyote. Albamu ya Ikeda iitwayo +/- ya mwaka 1996 inaweza kumfanya msikilizaji ageuze kichwa polepole na kukuta kwamba mlio unabadilika kadiri anavyosogea, kwa sababu mawimbi ya masafa ya juu huongezana au kufutana kulingana na mahali sikio lilipo chumbani. Wakati huohuo kompyuta mpakato zilikuwa zinaingia mikononi mwa wanamuziki, nazo zilikuja na magonjwa yake. Kompyuta huipa spika sauti kwa mafungu madogo madogo. Prosesa ikichelewa kuandaa fungu moja, spika hukosa cha kucheza au hurudia fungu lililopita, na tiki hutokea. Kukawa na programu za kukata sauti vipande vifupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde na kuvimwaga upya kama punje za mtama. Kukawa na waliofungua faili la picha kana kwamba ni faili la sauti, wasikie kilichomo. Mwaka 2000 lebo ya Mille Plateaux ya Frankfurt ilikusanya kazi nyingi za namna hii katika albamu iliyoitwa Clicks & Cuts, na kuanzia hapo mtindo ukawa na anwani.

Nirudi sasa kwenye swali la sikio, maana kueleza jinsi tiki inavyotokea si kueleza kwa nini inapendeza. Miaka mingi iliyopita, katika kibanda cha kinyozi mjini Tanga, niliketi nikisubiri zamu yangu huku CD ya taarabu ikicheza, mara ikakwama kwenye silabi mbili za mwimbaji, ni-pe, ni-pe, ni-pe, na nyuma yake mkato wa fidla kama bawaba kavu. Kinyozi alikuwa ameshika wembe kwenye shingo ya mteja, kwa hiyo hakuweza kwenda kuipiga deki kofi kama ilivyokuwa desturi yake. Tukakaa nayo kwa muda unaokaribia dakika moja. Kwanza tulicheka, kisha tukakereka, kisha kijana aliyeegemea mlangoni akaanza kugonga fremu kwa vidole, akiweka pigo lake katikati ya kila ni na kila pe. Kinyozi alipomaliza na kuipiga deki, mwimbaji akaendelea kuomba alichokuwa akiomba, na kijana yule akasema kwa masikitiko ya kweli, "Ungeiacha kidogo, bwana."

Kilichompata kijana yule kina maelezo. Mwaka 1995 mtafiti Diana Deutsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alikuwa akihariri rekodi ya sauti yake mwenyewe akizungumza, akakiacha kipande cha maneno machache kikijirudia kwenye mashine huku yeye akifanya mambo mengine. Baada ya muda alishtuka kusikia mtu anaimba, na mtu huyo alikuwa yeye, kwa maneno yaleyale yasiyobadilika hata chembe. Majaribio aliyoyafanya baadaye na wenzake yalionyesha kwamba wasikilizaji wengi hupatwa na hali hiyohiyo: maneno ya kawaida yakirudiwa bila kubadilishwa, sikio huacha kutafuta maana na kuanza kusikia lahani na mapigo. Watunzi walikuwa wamelihisi jambo hili mapema. Pierre Schaeffer, huko Paris mwaka 1948, alifanya kazi na santuri ambazo mfereji wake ulifungwa uwe duara, sindano ikarudia kipande kimoja bila kikomo. Steve Reich, mwaka 1965, alikuwa na vipande viwili vya kanda vyenye maneno ya mhubiri mmoja wa mitaani, akataka viende pamoja, mashine zikakataa kulingana, na kutokulingana huko ndiko kukawa utunzi wake It's Gonna Rain.

Hapa ndipo ninapodhani mvuto wa glichi ulipo hasa. Haumo katika hitilafu yenyewe. Hitilafu inayotokea mara moja ni kero na itabaki kero. Mvuto umo katika ule muda mfupi ambapo sikio linabadili uamuzi wake, likihama kutoka kusikia kitu kilichoharibika hadi kusikia kitu kilichopangwa, ilhali kilicho kwenye spika hakijabadilika. Muziki mwingi hautupi nafasi ya kujishuhudia tukiigeuza sauti kuwa muziki, kwa sababu ala na waimbaji hutufikia zikiwa tayari zina jina hilo. Glichi hutuletea malighafi ya kukataliwa, ikatuacha tuikubali wenyewe. Kwa sababu hiyo mara ya kwanza ya kuusikiliza wimbo wa aina hii huwa na ladha ambayo mara ya kumi haiwezi kuirudisha.

Wanamuziki wa glichi wenyewe, wakati huo, walipendelea maelezo mengine. Mtunzi Kim Cascone, katika makala yake maarufu ya mwaka 2000 kuhusu umbuji wa kushindwa, alidai kwamba hitilafu hutuonyesha kuwa ustadi kamili wa teknolojia ni njozi, na kwamba zana za kidijitali si timilifu kuliko binadamu waliozitengeneza. Mille Plateaux ilichukua jina lake kwenye kitabu cha wanafalsafa wawili wa Ufaransa, na maandishi yaliyoizunguka lebo hiyo yalikuwa mazito kwa kiasi ambacho mara nyingine albamu ilionekana kama kiambatisho cha insha. Sikatai hoja ya Cascone. Ukishajua kwamba deki ina hatua tatu za kukuficha makosa, kusikia pazia hilo likipasuka kunaleta furaha ya kiakili, sawa na ya mtu anayechungulia nyuma ya jukwaa na kumwona anayevuta kamba. Lakini furaha hiyo haitoshi kumfanya mtu airudie albamu kwa miaka ishirini, na nina shaka na msikilizaji anayesema anasikiliza Oval ili akosoe teknolojia.

Ushahidi bora dhidi ya maelezo hayo makavu ulitoka Vienna. Mwaka 2001 Christian Fennesz, mpigaji gitaa wa Austria, alitoa Endless Summer kupitia lebo ya Mego. Gitaa lipo, na nyimbo zina mwendo mtamu wa pop wa ufukweni, ila kila kitu kimepitishwa kwenye kompyuta na kurudi kikiwa kimetobolewa, kikikoroma, kikipotea na kujitokeza tena. Ni kama picha ya familia iliyokaa miaka mingi kwenye ukuta unaovuja: madoa yamekula nyuso, lakini bila madoa hayo usingejua picha imekaa muda gani. Hitilafu hapa inafanya kazi ya kumbukumbu, kwa kuwa utamu ukija mzima mzima haushawishi, na ukija umeharibika unamfanya msikilizaji aumalizie mwenyewe. Mwaka huohuo Björk wa Iceland aliweka mapigo madogo madogo ya jamii ya tiki chini ya kwaya na kinubi katika albamu yake Vespertine, na mwaka uliofuata Alva Noto na Ryuichi Sakamoto walitoa Vrioon, ambamo piano inadondosha nota chache na tiki zinazijibu kwa mbali. Katika zote tatu kanuni ni ileile: ubovu unahitaji kitu kizima pembeni yake. Peke yake huchosha haraka, na nakiri kwamba albamu nyingi za miaka ile, zilizojaa tiki na falsafa bila kitu kingine, sijawahi kuzimaliza.

Lebo ya Mego baadaye iliendelea kwa jina la Editions Mego, na ndiyo iliyotoa Peel mwaka 2020, albamu ya Joseph Kamaru wa Nairobi anayejulikana kama KMRU. Peel si glichi kwa maana niliyoieleza. Ni sauti za mazingira zilizorekodiwa na kutandazwa polepole kama ukungu. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha mahali ambapo masikio yaliyofunzwa na glichi yalielekea, yaani kwenye uvumilivu wa kusikiliza mvumo ambao zamani ungesafishwa.

Kuna pingamizi ambalo msomaji wa huku kwetu ana haki ya kulitoa. Sauti chafu kwa makusudi si uvumbuzi wa Ujerumani. Timbila za Wachopi wa Msumbiji zina utando mwembamba kwenye kila kibuyu, uliowekwa ili uvume. Mbira za Zimbabwe hufungwa makombe au vizibo vya soda vinavyotetema, na mpigaji akiviondoa wasikilizaji watasema sauti imepungukiwa. Mchiriku wa Dar es Salaam ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho, na mpasuko wa sauti ukawa sehemu ya utamu wake. Hoja ni ya kweli, ila inataja jambo jingine. Mvumo wa timbila haukuwahi kuwa kosa. Fundi aliutaka tangu alipokuwa anachonga. Mpasuko wa mchiriku uko karibu zaidi na glichi, kwa kuwa ulitoka kwenye chombo kilicholazimishwa kupita uwezo wake, lakini unasema nguvu, wingi na sherehe inayosikika mtaa wa tatu. Glichi inategemea kwamba msikilizaji amwamini kwanza fundi aliyeahidi usafi, ndipo ahadi ivunjwe. Pasipo ahadi ya CD, doa la Oval lisingekuwa na la kusema.

Pingamizi jingine ni gumu zaidi, nalo ni kwamba kosa lililopangwa si kosa tena. Siku hizi kuna programu ndogo ambayo ukiibonyeza inakatakata sauti kwa namna nadhifu, ikilingana na mwendo wa wimbo, na mtayarishaji wa pop huiweka kwenye sekunde mbili kabla ya kiitikio kama mpishi anavyonyunyizia giligilani. Sikio halibadili uamuzi wowote hapo, kwa kuwa halikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Wapo wanaosema kwamba huo ndio ushindi wa mtindo. Mimi naona ni sawa na kununua suruali iliyochanwa kiwandani.

Hivi karibuni nilimchezea mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 17, wimbo wa Do While kwenye spika ndogo ya Bluetooth, bila kumweleza chochote. Hakuinuka wala hakuangalia spika. Alisikiliza huku akiendelea kumenya chungwa, na baada ya muda akauliza, "Mjomba, hiyo ngoma wanaipigia nini?" Nyumbani kwao hakujawahi kuwa na deki ya CD tangu apate akili. Nikaweka wimbo mwingine wa mtindo huohuo, wenye mahali ambapo sauti yote inakatika ghafla na kurudi, na mara ya kwanza ilipokatika aliliweka chungwa chini, akafuta vidole, akaichukua simu yangu kuangalia kama Bluetooth imejitoa. Ilikuwa haijajitoa. Sauti ilirudi, ikakatika tena, naye akabaki ameishika simu mkononi, akisubiri ya tatu.